GPS Isiyokubali Kusema "Sijui"

Swali huja kwa umbo lile lile. Mtu amekaa miaka 6 katika gereji yake akipiga ribiti mabawa ya RV-7, injini amefunga kwa mikono yake, sasa amefika kwenye nyaya, naye anauliza: "Ndege yangu ni ya majaribio. Kwa nini ninunue GPS yenye cheti, wakati hii ya dola 50 inanionyesha nilipo kwa mita 3?" Huulizwa hivyo Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kila mwisho wa Julai, wajenzi wa ndege za nyumbani wa Marekani wanapokutana. Huulizwa pia mwaka mzima katika mabanda ya viwanja vidogo. Na huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu, anayetafuta shahidi tu.

Humo mna makosa mawili, moja limembeba mwenzake mgongoni. Hakuna aliyemwambia mtu huyo anunue kitu chenye cheti. Na mita 3 ni jibu zuri la swali ambalo sheria haikuliuliza.

Sheria yenyewe si ngumu. Tangu Januari 1, 2020, ndege inayopita katika anga fulani za Marekani lazima iwe na ADS-B Out, yaani kifaa kinachopokea mahali ndege ilipo kutoka kwa GPS na kupatangaza kwa redio angalau mara 1 kila sekunde, ili vituo vya ardhini na ndege nyingine zenye masikio visikie. Kifungu ni namba 91.225 cha kanuni za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Anga zenyewe ni Daraja A, B na C. Sehemu iliyo juu ya B na C hadi futi 10,000. Daraja E kuanzia futi 10,000 kwenda juu, isipokuwa pale ndege inapokuwa futi 2,500 au chini yake kutoka ardhini. Ukanda wa pwani ya Ghuba ya Mexico kuanzia futi 3,000. Na duara la maili 30 za baharini kuzunguka viwanja vikubwa vilivyoorodheshwa, kutoka ardhini hadi futi 10,000. Ukiisoma orodha hiyo mara mbili utaona inataja mahali. Haitaji nani alipiga ribiti. Anayejenga zaidi ya nusu ya ndege yake kwa elimu au burudani hupewa cheti cha majaribio, na cheti hicho humwondolea mizigo mingi, lakini si huu. Kwa upande mwingine, kiwanja cha Oshkosh chenyewe ni Daraja D, nje ya duara lolote la maili 30. Mjenzi anayeruka kutoka kiwanja cha nyasi cha jirani kwenda huko, chini ya futi 10,000 na bila kupita ndani wala juu ya anga la Daraja C, hahitaji ADS-B hata kidogo. Wapo walionunua vifaa kwa hofu bila kufungua ramani.

Duara la maili 30 halikuchorwa na karani mwenye rula. Agosti 31, 1986, DC-9 ya Aeromexico iliyokuwa ikishuka kwenda Los Angeles iligongana na Piper Archer juu ya mji wa Cerritos, California. Archer ilikuwa imeingia katika anga lenye udhibiti bila ruhusa, na transponda yake, yaani redio inayoijibu rada, haikuwa na Mode C, kwa hiyo haikuwa ikitangaza kimo. Walikufa watu 64 ndani ya DC-9, 3 ndani ya Archer na 15 waliokuwa chini, majumbani mwao. Miaka michache baadaye transponda ya kutangaza kimo ikawa lazima ndani ya duara hilo, na ADS-B ilipokuja ikavishwa mipaka ile ile. Anayelalamika kwamba sheria hii ni ya mashirika makubwa na imemkamata yeye kwa bahati mbaya ameielewa kinyume. Iliandikwa kwa ajili ya ndege ndogo yenye injini moja iliyopita mahali pasipo pake.

Sasa cheti. Kanuni ilipotoka mwaka 2010, ilisema kifaa kitimize matakwa ya viwango viwili vya kiufundi, TSO-C166b kwa vifaa vya masafa ya megahezi 1090 na TSO-C154c kwa vile vya 978. Wajenzi wakaogopa kwamba wanatakiwa kununua sanduku lenye muhuri. Februari 2015 FAA ilirekebisha maneno: kifaa kitimize matakwa ya utendaji yaliyomo katika viwango hivyo. Neno "utendaji" likafungua mlango. Mwenye ndege ya majaribio anaweza kufunga kifaa kisicho na muhuri wowote, mradi kinafanya kazi kama chenye muhuri, naye mwenyewe ndiye anayebeba jukumu la kusema kwamba kinafanya.

Mlango huo ndio watu wanaoupita wakiwa wamefumba macho. Wamesikia "cheti hakihitajiki" wakaacha kusikiliza. Lakini kifungu kinachofuata, 91.227, hakikusamehe kitu. Kinataka usahihi wa mahali uwe ndani ya maili 0.05 za baharini, kama mita 93. Hapo ndipo mwenye GPS ya dola 50 hutabasamu. Mita 93? Yake ina mita 3! Ameishinda sheria mara 30. Hufunga kitabu, huchukua waya, huunganisha kidude hicho na transponda yake, na jioni anajiona mjanja kuliko waliolipa mamia ya dola.

Angesoma mistari michache zaidi. Kifungu hicho hicho kinataka mambo matatu mengine ambayo hayana uhusiano na mita 3 zake. Kwanza ni duara la dhamana lisilozidi maili 0.2 za baharini, kama mita 370, ambalo mfumo unaapa kwamba ndege imo ndani yake. Pili ni uzito wa kiapo hicho, uitwao SIL, ambao lazima uwe 3: uwezekano wa ndege kuwa nje ya duara bila mtu kuonywa usizidi 1 katika milioni 10. Tatu ni uimara wa mfumo mzima wa ndani, SDA, usiopungua 2, yaani uwezekano wa hitilafu kupeleka taarifa ya uongo bila kugunduliwa usizidi 1 katika 100,000 kwa saa. Usahihi husema GPS hukosea kiasi gani siku njema. Haya mengine huuliza: siku mbaya ikifika, itajua?

Kila aliyepotea Kariakoo anamjua mpita njia asiyekubali kusema hajui. Ukimwuliza mtaa, ananyoosha mkono. Mara nyingi anapatia, maana ni mwenyeji. Siku asiyoujua mtaa, ananyoosha mkono vile vile, kwa uhakika ule ule na uso ule ule. GPS ya simu, ya saa ya mkononi, na kidude cha dola 50 vina tabia hiyo hiyo. Kimetengenezwa kitoe jibu, maana mteja anayeona kioo kitupu hurudisha bidhaa dukani. Kikipata setilaiti chache, hukisia. Kikipokea ishara iliyodundia ukuta, huichanganya na nyingine na kulainisha mstari ili upendeze kwenye ramani. Kinaweza kuandika kando "usahihi mita 4", lakini hayo ni makadirio tu. Hakuna aliyeweka dhamana.

Kipokezi cha ndege hufanya kazi nyingine kabisa. Kila sekunde hulinganisha setilaiti moja na zilizobaki, hutafuta ile inayopingana na wenzake, huitupa ikiwezekana, kisha hukokotoa ukubwa wa duara la dhamana kwa setilaiti zilizosalia. Duara likipanuka kupita kiasi, husema hivyo, na taarifa inayorushwa hewani hubadilika ili mwongozaji wa ndege ajue asiitegemee. Kinajua kusema "sijui", na neno hilo ndilo mnunuzi analolilipia.

Mwenye kidude hapa huinua sanduku lake na kuonyesha neno WAAS lililochapwa pembeni. WAAS ni mfumo wa vituo vya ardhini na setilaiti ulioanza kazi mwaka 2003, unaokagua ishara za GPS juu ya Amerika Kaskazini, na sanduku halisemi uongo: kidude kinapokea marekebisho yake. Kinayatumia kusogeza nukta kwenye ramani mita moja au mbili. Maonyo ya WAAS, na hesabu za dhamana zinazotokana nayo, ni suala tofauti, na hayamo ndani ya kidude kwa sababu hakuna aliyeyaweka. Hoja hii imejibiwa mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya mafundi wa vifaa vya ndege sasa huitikia kwa kwenda kuchemsha kahawa.

Je, setilaiti huharibika kweli, au ni vitisho vya wauza vifaa? Januari 1, 2004, saa ya setilaiti ya GPS namba 23 iliharibika. Setilaiti haikunyamaza. Iliendelea kutangaza kwamba iko sawa kwa karibu saa 3 kabla ya kutiwa alama ya ubovu, na kufikia hapo kosa katika umbali iliokuwa ikiutoa lilikuwa limefika mamia ya kilomita. Vipokezi vyenye ukaguzi wa ndani viliitupa. Visivyo na ukaguzi vilimsikiliza mpita njia.

Mahali panapouma zaidi ni menyu. Transponda haijui imeunganishwa na GPS ya aina gani, huambiwa. Wakati wa kufunga, fundi huingiza kiwango cha SIL, na transponda nyingi huamini linaloandikwa pale. Kidude kisicho na dhamana kinapaswa kuandikiwa 0. Mjenzi anayeandika 3 kwa sababu 0 "haikubaliki" hajaboresha GPS yake. Ametia sahihi ya uongo, nayo inarushwa tena na tena kwa kila mwongozaji na kila rubani aliye karibu. Uongo huu haubaki gerejini.

Jambo hili lilikwisha kufika hadharani. Mwaka 2017 FAA ilitoa agizo la usalama kuhusu vifaa vya ADS600-B vya kampuni ya NavWorx ya Texas, ambavyo vilikuwa vikitangaza SIL 3 wakati GPS iliyomo ndani haikuwa imethibitishwa kufikia kiwango hicho. Miongoni mwake vilikuwemo vilivyouzwa mahsusi kwa ndege za majaribio, na ndivyo ulivyoanguka ule usemi kwamba FAA haiwezi kumgusa mtu katika gereji yake. Wenye vifaa walijikuta wakichagua kati ya kuving'oa, kuvizima, au kuvipa chanzo kingine cha GPS kinachokubalika. Waliokuwa wamepaka rangi na kufunga paneli zote ndio waliotukana zaidi.

Mfano wa upande wa pili ni Dynon ya jimbo la Washington, inayojulikana na kila mjenzi. Ina vidude viwili vya GPS vinavyofanana kama pacha ukiviona mezani: SV-GPS-250 na SV-GPS-2020. Vyote viwili vitakuonyesha njia ya kurudi nyumbani. Cha pili ndicho kilichotengenezwa kutimiza matakwa ya 91.227, bila muhuri wa TSO, kwa ndege za majaribio na ndege nyepesi za michezo. Hiyo ndiyo maana halisi ya utendaji bila cheti: mtengenezaji amefanya hesabu na majaribio, ametoa tamko la maandishi, na mjenzi analiweka tamko hilo kwenye faili la ndege. Garmin ina GPS 20A kwa kazi hiyo hiyo. Wala bei si ya kumfilisi mtu aliyekwisha kununua injini.

Kuna dawa nyingine mbili za mitaani za kuondoa haraka.

Ya kwanza ni tableti. "Mimi nina kipokezi na naona ndege zote." Kupokea si kutangaza, na sheria haikudai kupokea. Tena haoni zote. Vituo vya ardhini hutuma taarifa za rada kwa ajili ya ndege inayotangaza, katika duara la maili 15 za baharini kuizunguka na futi 3,500 juu na chini yake. Asiyetangaza haandaliwi chochote. Hudokoa chakula cha jirani. Jirani akienda zake, kioo kinakuwa safi, na rubani anadhani anga ni jeupe. Kisanduku cha kubandika kwenye kioo kinachodai kutangaza nacho hakitoshelezi kanuni.

Ya pili ni kung'oa alternata. Msamaha upo kwa ndege ambazo tangu kuthibitishwa hazikuwa na mfumo wa umeme wala hazikuwekewa baadaye, pamoja na maputo na vitelezi. Fikiria Piper J-3 Cub inayowashwa kwa kuzungusha propela kwa mkono. Hata hizo haziruhusiwi ndani ya Daraja B na C. Zinaruhusiwa kupita ndani ya duara la maili 30, nje ya anga hizo na chini ya kimo cha dari la anga hizo. Mjenzi aliyethibitishiwa ndege ikiwa na alternata, kisha akaing'oa ili kukwepa, ana ndege yenye mfumo wa umeme uliovunjwa. Kuiita Cub hakuifanyi kuwa Cub.

Kinachowezekana ni hiki. Anayetaka kitu kimoja kimalize yote afunge transponda ya Mode S ya megahezi 1090 yenye uwezo wa kutangaza mahali, pamoja na GPS yenye tamko la kutimiza 91.227, naye atakwenda kimo chochote, hata kuanzia futi 18,000 ambako ni 1090 pekee inayokubalika. Mwenye transponda nzuri ya Mode C asiyetaka kuitupa aongeze kifaa cha megahezi 978, kama echoUAT ya uAvionix au skyBeacon inayofungwa mahali pa taa ya ncha ya bawa, akikumbuka kwamba transponda ya zamani lazima ibaki ikifanya kazi na kwamba 978 ni ya Marekani. Anayefikiria kuvuka kwenda Canada aulize mapema kuhusu antena, kwa maana huko ndege hufuatiliwa na setilaiti kutoka juu, na antena moja ya tumboni haizifikii. Mwenye kioo chenye GPS ya kuendeshea safari zinazoongozwa na vyombo huenda tayari ana chanzo kinachofaa, aunganishe tu. Asiyeingia anga hizo asifunge chochote. Mwenye safari ya mara moja aombe ruhusa kupitia chombo cha FAA kiitwacho ADAPT, si zaidi ya saa 24 na si chini ya saa 1 kabla ya kuruka, naye akubali kwamba anaweza kunyimwa. Aliyefunga akiwashe muda wote. Kuzima kwa sababu hutaki jirani ajue ulikokwenda Jumamosi hakumo katika kanuni.

Antena ya GPS ikae ipate kuona mbingu. Ngozi ya nyuzi za kioo hupitisha ishara, kaboni huizuia, na mwenye ndege ya kaboni anayeficha antena chini ya ngozi ili ipendeze atavuna alichopanda. Transponda ikaguliwe kila miezi 24. Kifungu cha 91.413 hakimwulizi mtu kama ndege ilijengwa kiwandani.

Anayejenga Nairobi au Arusha, akisoma maelekezo haya kwenye miongozo ya Kimarekani iliyokuja na kasha la vipuri, ajue mambo mawili. Kanuni za FAA hazimhusu; zake zinatoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yake, naye aanzie hapo kabla ya kuagiza kifaa. Na WAAS haifiki Afrika Mashariki. Kipokezi kitakachofaa huku ni kile kinachoweza kukagua setilaiti chenyewe bila msaada wa mfumo huo, na jambo hilo husomwa katika karatasi ya vipimo, si katika picha ya tangazo.

Kwa aliye Marekani, kazi haijaisha ndege inapotua. FAA hutoa bure ripoti ya utendaji kwa yeyote anayeomba kwenye tovuti yake: huingiza tarehe, namba ya ndege na aina ya kifaa, na majibu huja kwa barua pepe, makosa yakiwa na rangi nyekundu. Makosa ya kawaida ni ya vidole. Namba ya usajili imeandikwa vibaya. Anwani ya ICAO, yenye tarakimu 6 na kwa ndege za Marekani ikianza na herufi A, imeingizwa kwa mfumo wa hesabu usio wake. Ndege inajitangaza iko hewani ikiwa imeegeshwa bandani. Hayo hurekebishwa kwa dakika 10 kwenye menyu ile ile. Nyekundu ikiwa kwenye safu ya SIL, fundi asipoteze muda kukaza antena. Afungue paneli asome namba iliyo kwenye kidude.